Sentimita Kumi na Tano

Alhamisi, 2 Mei 2024
Asubuhi: mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri, upepo unatoka ziwani.

Nimefika kambini saa tano na nusu. Tumetoka Suna watu kumi na mmoja, wote wa kujitolea, na mabati yamekuja nyuma kwa lori. Kambi iko kwenye uwanja wa shule ya msingi: mahema arobaini na matatu, vyoo sita, bomba moja. Ziwa limemeza kijiji chote cha chini. Ukisimama langoni mwa shule unaona mapaa yametokeza majini, na magugu maji yamejaa baina yake kama shamba.

Bi. Joyline, kiongozi wetu, amenipa daftari la familia. "Wewe mwandiko wako unasomeka," amesema. Tutajenga nyumba ishirini na nne za mabati kwenye ardhi ya juu, kando ya barabara ya kwenda Kosele. Kila nyumba ikikamilika, familia inahamia na hema linakunjwa.

Stanley, mume wangu, hakupiga simu. Lori lake liko Tanzania, pengine hakuna mtandao. Ufunguo wa nyumba yetu nimemwachia Benta, jirani.

Nimelala saa nne na robo; saa ya kulala huwa naijaza asubuhi.

Ijumaa, 3 Mei
Mvua tangu usiku. Tumegawa mablanketi. Nimelala saa nne.

Jumapili, 5 Mei
Asubuhi: jua dogo, kisha mawingu.

Nimeandikisha mahema namba 10 hadi 22. Kwenye namba 17 nimemkuta mama anaitwa Filister, miaka thelathini na sita, na binti yake Lynnet, miaka kumi na minne. Mume, Fanuel, yuko kisiwa cha Remba, anavua mbuta kwa mtumbwi wa mtu mwingine.

"Watoto wangapi?" nikamuuliza.

"Wawili."

"Namwona mmoja."

Akanyoosha mkono kuelekea majini. "Mwingine yuko nyumbani."

Nilidhani mafuriko yamechukua mtoto na hakuna aliyetuambia. Lynnet ndiye aliyenieleza polepole: kaka yake, Oliver, kifungua mimba, alikufa kwa malaria miaka miwili iliyopita akiwa na miaka kumi na mitano. Alizikwa hapo hapo bomani, karibu na nyumba. Sasa nyumba iko chini ya maji na kaburi liko chini ya maji.

Nikaandika: mtoto mmoja. Filister alikuwa anatazama daftari.

"Andika wawili."

"Mama, hii ni ya chakula. Tunahesabu midomo."

"Chakula mpe mmoja. Lakini andika wawili."

Niliacha mmoja. Hesabu ni hesabu. Hapa kila mtu anamwita Min Oliver, mama Oliver, hata watoto wadogo wanaomwomba chumvi.

Stanley amepiga saa kumi. Yuko Kahama. Tumeongea dakika nne, simu ikakatika.

Nimelala saa tano kasoro robo.

Alhamisi, 9 Mei
Asubuhi: mvua kubwa, imekatika saa mbili.

Maji yamefika nguzo ya chini ya ua wa shule. Nimeipiga mistari kwa rangi, sentimita moja moja, kama tulivyofanya kidato cha tatu tulipotunza kipimo cha mvua. Leo ni 64. Nitasoma kila asubuhi saa moja. Sammy, fundi wetu, amenicheka: "Pauline, ziwa lisipoandikwa litasahau kurudi?"

Saa nne na nusu.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua. 65. Tumemaliza nyumba namba 3 na 4. Mikono inauma.

Ijumaa, 17 Mei
Asubuhi: mawingu, hakuna upepo. Maji 66.

Leo tumekabidhi nyumba namba 6 kwa Filister. Ni nyumba nzuri: vyumba viwili, baraza ndogo mbele, mlango wa mbao ambao Sammy ameupiga randa hadi unang'aa. Tuliimba tukipanda naye kilimani. Bi. Joyline akamkabidhi ufunguo. Filister akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kushukuru, akausogelea mlango, akasimama.

Hakuvuka.

"Ingia, mama," Sammy akamwambia. "Au unataka tukubebe kama bibi harusi?"

Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu. "Nyumba ni nzuri. Mungu awabariki. Lakini siingii."

"Kwa nini?"

"Mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe ni wewe. Jina ni lako kwenye karatasi."

"Karatasi ni yenu," alisema, bila ubaya wowote, akafunga mlango kwa ufunguo, akashuka kurudi kwenye hema.

Nimekasirika. Kuna mama wa hema namba 31 ana mapacha wa wiki tatu na maji yanaingia chini ya godoro. Huyu amepewa nyumba kavu, anarudi kwenye tope kwa sababu mume hayupo. Kwani wangu yupo? Nyumba yetu ya Suna niliingia peke yangu, nikafagia peke yangu, nikaning'iniza mapazia peke yangu. Stanley aliiona baada ya siku kumi na tisa.

Kwenye safu ya mwisho ya daftari nimeandika: Amekataa kuhamia.

Nimelala saa sita.

Jumamosi, 18 Mei
66. Filister amepanda kilimani saa moja asubuhi, akafagia uwanja wa nyumba namba 6, akaketi kwenye ngazi hadi jioni. Ameshuka kulala kwenye hema.

Jumapili, 19 Mei
Mvua. 66. Baada ya kanisa, vilevile.

Jumanne, 21 Mei
65. Vilevile. Amepanda vitunguu vya majani kando ya ngazi. Nani hupanda vitunguu kwenye nyumba aliyoikataa?

Jumamosi, 25 Mei
Asubuhi: jua, joto mapema. Maji 64.

Bi. Joyline amerudi kutoka mkutanoni Homa Bay. Mradi wetu unafungwa tarehe 15 Julai. Nyumba yoyote ambayo haitakuwa na watu siku hiyo itapewa familia inayofuata kwenye orodha. Kuna moja tu yenye alama. "Hii namba 6 wewe ndiye umeandika amekataa," akaniambia. "Nimeipeleka hivyo hivyo."

Nimemtafuta Nicholas, mdogo wake Fanuel, ambaye hubeba watu kwa pikipiki pale barabarani. Nikamuuliza shemeji yake ana shida gani.

"Hana shida. Ninyi ndio mna haraka." Akazima pikipiki. "Sikiliza, nyar Migori, binti wa watu. Kwetu mtu hahamii boma jipya kama anayehama chumba cha kupanga. Kuna kitu tunaita goyo dala, kufungua boma. Mume hutangulia na jogoo, mtoto wa kwanza wa kiume anabeba shoka, mke anafuata. Mume anasimamisha nguzo kwa mkono wake. Usiku huo wanalala humo, yeye na mkewe. Ndipo inakuwa dala."

"Na akiingia peke yake?"

"Akilala humo peke yake, hiyo ni nyumba ya mjane. Fanuel hatakanyaga humo tena maisha yake yote. Atakuwa amemzika mumewe akiwa hai."

Nicholas akacheka kidogo kunipa nafasi.

"Na mimi ninyi mmenipa namba 7. Nitaingiaje kabla ya kaka yangu mkubwa? Unajua kwa nini kila siku nawaambia mgongo unauma siwezi kuhama? Mgongo wangu ni mzima kabisa."

Nimerudi hemani nikasoma ile safu yangu. Sikuandika uongo. Niliandika nilichokiona, na kwa maneno mawili nimeiweka nyumba ya mtu mikononi mwa mtu mwingine.

Nimelala saa saba kasoro dakika kumi.

Jumatano, 29 Mei
Asubuhi: shwari, ukungu juu ya maji. 62.

Nimekwenda Remba na Nicholas. Bi. Joyline ameruhusu siku moja tu. Kutoka Mbita tumepanda boti ya injini pamoja na makreti ya soda na mbuzi wawili. Nimetapika mara mbili. Kisiwa chote ni mabati, kimejengwa hadi ukingoni, ukuta kwa ukuta, hakuna mahali pa kuweka mguu bila kuomba radhi.

Fanuel tumemkuta anafunga ndoana kwenye kamba ndefu, moja moja, bila kuzitazama. Ni mrefu, sauti ya chini. Alimwuliza Nicholas habari za watu kumi kabla ya kufika kwa mkewe. Kisha akanigeukia mimi.

"Amekonda?"

"Sijui alivyokuwa zamani," nikasema.

Akacheka. "Huyu ni mtu wa kalamu. Haongezi chumvi."

Nikamweleza kila kitu: nyumba, tarehe 15 Julai, ile safu yangu. Nikamwambia kosa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho huku anafunga ndoana.

"Shoka hubebwa na mtoto wa kwanza," alisema. "Wangu yuko chini ya maji. Nitampita nikapande kilimani, nimwambie nini? Kwamba tumehama, yeye abaki na kambare?"

"Kuna udongo," Nicholas akamwambia. "Unachukua udongo wa kaburi, unakwenda naye. Wazee wamesema inatosha."

"Nitauchukuaje? Tulipokimbia maji yalikuwa shingoni. Nipige mbizi kwenye giza nipapase? Nimtafute mtoto wangu kwa miguu, nimkanyage?" Akaweka kamba chini. "Juu ya kaburi kuna msalaba wa chuma. Niliuchomelea mwenyewe. Siku utakapotokeza juu ya maji, niambieni. Siku hiyo hiyo nakuja."

Wakati wa kuondoka alinipa mbuta aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye gazeti. "Mpe Min Oliver." Kisha akaifuata boti majini hadi magotini, kama mtu aliyesahau kitu.

Filister hakumla yule samaki. Amelifungua gazeti, akanusa, akafunga tena. Jioni nilipopita alikuwa amelishika mapajani.

Saa tano na nusu.

Jumamosi, 1 Juni
Asubuhi: jua, upepo mdogo. Maji 61.

Leo nimepima. Nicholas ametupakia kwenye mtumbwi, Filister mbele, mimi katikati na kamba iliyofungwa jiwe. Filister ndiye aliyeelekeza. "Kushoto. Pita hapa, hili ni zizi." Tukapita juu ya zizi. "Hapa ni mlango wa jiko." Kati ya paa la jiko na kilele cha mti wa siala akainua mkono. "Hapa."

"Una hakika, shemeji?" Nicholas akauliza.

"Wewe umesahau kitanda chako kiliko?"

Nikashusha jiwe polepole. Sentimita 142. Kisha nikamuuliza Filister msalaba una urefu gani. Hakujua kwa namba. Tuliporudi ufuoni alivua viatu, akasimama wima, akaweka kiganja usawa wa kitovu. "Unanifika hapa. Nilikuwa naushika hivi nikisali." Nimepima kutoka kiganja hadi ardhini: 96.

Kwa hiyo maji yashuke 46. Nguzo ya shule leo inasoma 61. Nguzo ikisoma 15, msalaba utagusa hewa.

Nimemwambia. Ameuliza mara mbili, "Kumi na tano?" Lynnet amemwandikia namba hiyo kwa kalamu kwenye kiganja, kama watoto wa shule wanavyofanya.

Nimelala saa nne.

Jumapili, 2 Juni
60. Stanley amepiga. Nimemsimulia habari ya kufungua boma. Akasema, "Nyumba yetu sisi tulifungua na nani?" Nikamwambia, "Mimi na Benta." Nikasikia lori likinguruma.

Jumanne, 4 Juni
59.

Alhamisi, 6 Juni
56. Filister sasa ananijia saa moja kamili kwenye nguzo. Mimi nasoma, yeye anasogeza midomo.

Jumatatu, 10 Juni
52. Jua. Tumefika nyumba namba 15. Sammy ameumia kidole gumba.

Jumapili, 16 Juni
Asubuhi: anga safi. Maji 45.

Stanley amepiga simu akiwa Suna. Amepata siku mbili. Amechukua ufunguo kwa Benta, amelala nyumbani kwetu, na mimi niko hapa. Nilitaka kupanda gari mara moja, lakini leo tuna familia tatu za kuhamisha na daftari ni langu. Kesho alfajiri anavuka mpaka wa Isebania.

"Pazia la chumbani ulibadilisha?" akaniuliza.

"Tangu Februari."

"Sikujua. Nimelitazama nikafikiri nimeingia nyumba ya watu."

Baadaye nilikwenda kuketi kwenye ngazi ya nyumba namba 6 kando ya Filister. Alinisogezea nafasi bila kuuliza. Kwa mbali ziwa lilikuwa jeupe.

"Hupigi simu kwake?" nikamuuliza.

"Nikipiga nitalia, na yeye atakuja kwa sababu ya kilio changu. Nataka aje kwa sababu yake." Akachuma jani la kitunguu, akalivunja, akanipa nusu. "Wewe wako umempigia?"

"Amepiga yeye."

"Basi una bahati. Tafuna."

Nimelala saa saba. Kitunguu bado kinanuka vidoleni.

Alhamisi, 20 Juni
Asubuhi: mvua ya mawe. Maji 46. Yamepanda.

Filister alitazama nguzo, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemwaga.

Ijumaa, 21 Juni
Mvua. 46.

Jumamosi, 22 Juni
44. Yameanza tena kushuka.

Ijumaa, 28 Juni
31. Paa la jiko lao sasa linaonekana hadi ukutani. Mama wa mapacha amekuja kuniuliza kwa upole kama ni kweli namba 6 itakuwa yake tarehe 15. Jina lake ndilo linalofuata. Mmoja wa mapacha anakohoa. Nilimwambia sijui. Ni kweli sijui, na sijui tena nitake nini.

Saa sita na robo.

Jumatano, 3 Julai
Jua kali. 22. Nimewaambia Filister na Nicholas: Jumapili.

Jumapili, 7 Julai
Asubuhi: anga safi kabisa, hakuna wimbi. Maji 15.

Hakuna kitu.

Tumekwenda na mtumbwi saa mbili. Filister amevaa gauni la kanisani. Tumekaa pale kati ya jiko na siala karibu saa moja. Maji ni ya kahawia, huoni hata kasia likizama. Nicholas akasema labda kiganja kilikosea kidogo. Kiganja cha Filister bado kina alama ya kalamu, Lynnet huiandika upya kila inapofutika.

Jumatatu, 8 Julai
14. Hakuna.

Jumanne, 9 Julai
13. Hakuna. Nimerudia hesabu zote tangu mwanzo. Nimempima Filister tena. Ni 96.

Jumatano, 10 Julai
Asubuhi: mawingu mepesi. Maji 11.

Zimebaki siku tano. Msalaba ungekuwa juu ya maji sentimita nne, upana wa vidole vyangu vitatu. Haupo. Nimeshinda nalo kichwani na sasa najua: umeanguka. Ardhi imelainika, chuma ni kizito, umelala. Maji yatashuka hadi sifuri na hautatokeza kamwe, na yule mtu ataketi Remba akifunga ndoana hadi azeeke.

Nimemwambia Nicholas. Akajikuna kichwa. "Basi mwambie umeonekana. Akifika, amefika. Kwani ataogelea kurudi?"

Nilikaa nyuma ya bohari la mabati na simu. Nikaandika: "Msalaba umeonekana leo asubuhi. Njoo." Ni maneno matano. Yangeokoa nyumba. Nyumba namba 6 ingekuwa na watu kabla ya Jumatatu na mimi ningefuta lile kosa langu la Mei.

Halafu nikamwona akifika, anashuka kwenye mtumbwi, anatazama maji matupu. Huyu ni mtu aliyesema kwamba mimi siongezi chumvi.

Nikafuta. Nikaandika hivi, na ninanakili hapa neno kwa neno:

"Baba Oliver, ni Pauline wa daftari. Maji yameshuka kupita kimo cha msalaba tangu Jumapili. Msalaba haujaonekana. Nadhani umeanguka na umelala juu ya kaburi. Hautatokeza. Nimeona uambiwe ukweli."

Nimetuma saa kumi na dakika ishirini. Hakujibu. Nimemweleza Filister nilichofanya. Ameingia hemani, akashusha pazia la mlango. Mara ya kwanza tangu tumpe ufunguo sijamwona akipanda kilimani.

Nimelala saa nane. Pengine sikulala.

Alhamisi, 11 Julai
Asubuhi: mawingu, upepo mkali. Maji 10.

Amekuja.

Saa sita mchana tulikuwa tunapakua misumari. Mtu mrefu akaingia lango la shule na begi moja begani, suruali imelowa hadi mapajani. Lynnet ndiye aliyemwona kwanza. Hakupiga kelele, aliachia ndoo tu.

Fanuel alikwenda moja kwa moja hema namba 17. Filister akatoka. Walisimama hatua mbili wakitazamana, kisha akamwuliza mkewe, kwa sauti kama ya kuuliza chumvi iko wapi:

"Umelala?"

"Nani?"

"Msalaba."

"Hivyo ndivyo huyu anasema."

"Basi nani atausimamisha?"

Filister akaketi chini pale pale kwenye tope na gauni lake. Fanuel akaketi kando yake. Tukageuka wote kwenda kuhesabu misumari ambayo ilikwisha kuhesabiwa.

Jioni akanijia. "Niliposoma, sikuweza kumaliza kuvuta kamba," akasema. "Nilikuwa nangoja Oliver aniite. Kumbe ameanguka na mimi nipo nakaa tu."

Saa nne.

Ijumaa, 12 Julai
Asubuhi: shwari. Maji 9.

Maji juu ya kaburi yalikuwa sentimita 90, chini kidogo ya kiuno cha Fanuel. Nicholas alibaki kwenye mtumbwi akipiga mtungi wa plastiki kwa fimbo kufukuza viboko. Alikuwa anawatukana kwa Kiluo, na nadhani aliwatukania pia mama zao. Filister na mimi tulishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Fanuel.

Alivua viatu. Akashuka. Akasimama muda mrefu bila kusogea. Kisha akaanza kutafuta kwa miguu, kile kitu alichosema hawezi kukifanya. Anatelezesha unyayo, anangoja, anatelezesha. Midomo ilikuwa inasema jambo, nilidhani anasali. Filister akaninong'oneza, "Anamwomba msamaha kila hatua."

Saa tatu na dakika tano akasimama. "Ni huu."

Akazama. Akaibuka na msalaba, mweusi kwa tope, magugu yamening'inia. Aliusimamisha kwa mikono, akaukandamiza hadi ukashika. Ukabaki juu ya maji sentimita sita. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Sijui kwa nini nimelia kwa sababu hiyo.

Akazama tena na mkebe wa mafuta ya kupikia, akaibuka umejaa udongo. Alimpa Filister. Aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea ule ufunguo.

Jioni kulikuwa na mazungumzo na Sammy. Fanuel alitaka mlango ung'olewe na nguzo moja ya baraza ichimbuliwe, aweke yeye mwenyewe.

"Misumari kumi na sita nilipiga pale!" Sammy alilalamika. "Nguzo iko imara!"

"Fundi," Fanuel akamwambia, "ni imara. Lakini ni yako."

Sammy akaenda kuchukua nyundo.

Saa tano kasoro robo.

Jumamosi, 13 Julai
Asubuhi: ukungu, kisha jua taratibu. Maji 8.

Walipanda kilimani saa mbili. Mbele Fanuel na jogoo mwekundu kwapani. Swali la shoka lilikuwa limebaki. Nicholas alikuwa amemleta mwanawe, amemwogesha na kumvalisha soksi. Filister akasema hapana. Akachukua ule mkebe wa udongo, akausimika mpini wa shoka ndani yake hadi ukasimama wenyewe, akampa Lynnet aubebe.

"Oliver ndiye anayebeba," akasema. "Lynnet anamsaidia tu."

Wazee wawili waliokuja walitazamana. Mmoja akafungua mdomo. Fanuel alikuwa ameshaanza kutembea.

Basi wakapita mbele yetu, jogoo, shoka, kisha Filister na moto kwenye kigae. Fanuel alichimba shimo, akasimamisha nguzo, Sammy akamshikia timazi ingawa hakuna aliyemwomba. Udongo walimwaga kushoto kwa nyumba, karibu na vitunguu, wakaupiga kwa viganja. Mlango ukarudishwa. Misumari kumi na sita. Kisha Filister akainua mguu akavuka, bila kuimba, bila kutazama nyuma, kama mtu anayeingia kutafuta kijiko.

Mchana huo huo Nicholas amehamia namba 7 mbio mbio, mgongo umepona. Hema lake, ambalo ndilo kavu kuliko yote, amepewa mama wa mapacha, na Sammy ameahidi namba 19 itakuwa yao Alhamisi, mradi ufungwe usifungwe.

Nimefungua daftari. Nimepiga mstari juu ya "Amekataa kuhamia" na kuandika "Amehamia, 13 Julai, pamoja na mume." Kisha nikarudi ukurasa wa tarehe 5 Mei. Palipoandikwa mtoto mmoja, nimeandika wawili. Bi. Joyline akiuliza nitamweleza.

Stanley anafika Suna Jumanne. Nimemwambia asichukue ufunguo kwa Benta. Angoje mlangoni, tuingie wote.

Jioni nimepanda kupeleka karatasi ya kutia sahihi. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeingia. Fanuel alikuwa ameketi kwenye ngazi, peke yake, miguu mitupu. Akaweka kidole mdomoni kabla sijabisha.

"Amelala," akanong'ona. "Hata chai hakumaliza. Anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi tu." Akatazama kalamu yangu, akatabasamu. "Andika."

Nikatazama saa.

Filister amelala saa moja na dakika arobaini.